Mafuta ya Mgando kwa Marehemu

Mulala, Meru
9 Juni 1996

Mwanangu Ndeshi,

Salamu nyingi kutoka huku juu. Mimi sijambo, ila baridi ya mwaka huu imewahi. Tangu Pentekoste hatujauona mlima. Wingu limeketi juu ya migomba, majani yanadondosha maji mpaka mchana, na bado ngozi inakauka. Mtu wa mjini angeshangaa, angesema penye ukungu ngozi italowana. Yangu haitoi jasho tangu ugonjwa ule, na nikikaa karibu na moto ili nipate joto, moto nao unakausha kile kidogo kilichobaki.

Ile losheni uliyompa jirani yangu Tabitha aniletee, ya chupa ndefu, inanukia vizuri mno. Tabitha alisema nanuka kama bibi harusi. Lakini mwanangu, haikai. Nikipaka asubuhi, jua halijapanda nimeshakuwa ganda la muhogo. Najua siku hizi maduka yenu yamejaa vitu vya Dubai na vya Afrika Kusini, kila kimoja kizuri kuliko kingine. Mimi nitafutie mafuta ya mgando ya kawaida, yale mazito, kopo kubwa. Zamani zahanati ya misheni walituchotea bure. Sasa wanasema kila mtu ajinunulie, mambo yamebadilika.

Usiwe na wasiwasi. Nafanya kama tulivyofundishwa kambini. Jioni naloweka miguu na mikono kwenye beseni la maji baridi, mpaka vidole vilivyobaki vikunjamane. Nasugua kisigino kwa jiwe. Halafu, kabla maji hayajakauka, napaka mafuta. Dada mmoja mwuguzi alikuwa akituambia kila siku: mafuta hayaleti maji, yanayafungia ndani, ukipaka ngozi kavu umefunga mlango nyumba ikiwa tupu.

Tabitha ameniambia Angel ameanza kuuliza habari za babu yake. Mjibu kama tulivyokubaliana. Babu alifariki kabla yeye hajazaliwa, alikuwa mtu wa Meru, alilima kahawa, basi. Na kama mama mkwe wako bado yuko hapo, chunga mdomo.

Baba yako,
Elieza


Njiro, Arusha
16 Juni 1996

Baba, shikamoo.

Nimempa Mama Tabitha makopo mawili makubwa ya mafuta na soksi nzito za mitumba, jozi tatu. Vaa ukishapaka ili mafuta yasiishie kwenye shuka. Kama kuna kitu kingine mwambie yeye, anapokuja sokoni na ndizi zake huwa napita kumwona.

Baba, nina jambo na sijui nikuambie vipi. Mwezi huu wote Frederick amekuwa na wazo. Unajua siku ile alipotaka kuliona kaburi lako, baba mdogo Mikaeli alimpeleka kwenye kaburi la babu, pale kando ya kahawa, akamwambia ndilo. Tangu siku hiyo linamsumbua kwamba mkwe wake amelala chini ya majani matupu. Sasa anataka kulijengea kwa saruji, na marumaru juu, na jina lako. Ameshaongea na fundi. Anataka mwezi wa nane twende wote na mchungaji, na mama yake, na Angel abebe maua.

Baba, unajengewa kaburi.

Aliponiambia nilikuwa nammiminia chai. Nikaendelea kumimina. Ningefanya nini? Mama yake yuko hapa tangu Pasaka kwa ajili ya presha yake, alikuwa ameketi palepale, akasema mwanawe ana moyo wa shukrani kwa wafu. Nilikwenda jikoni nikasimama tu.

Niruhusu nimwambie. Frederick si mtu mbaya. Kazini anawatetea hata wale wanaomsema. Miaka minane nimeishi naye na kila siku nangoja jambo hili litoke lenyewe, nimechoka kungoja. Angel akiniuliza ulikuwaje, namwambia kweli tupu, unavyocheka, unavyosimulia, halafu namalizia na uongo mmoja ule.

Nijibu upesi. Na niambie ukweli wa miguu.

Mwanao,
Ndeshi


Mulala
23 Juni 1996

Ndeshi mwanangu,

Nimesoma barua yako nikacheka mpaka Tabitha akaja kuchungulia. Kujengewa marumaru! Mwache ajenge. Babu yako amelala pale kwa majani tangu vita vya wazungu, saruji haitamdhuru, na jina langu juu yake hawezi kulisoma.

Sasa nisikilize, maana huku ndiko kucheka kunakoishia. Sikuruhusu.

Wewe ulikuwa mdogo niliporudi kutoka kambini. Nilikuja na cheti kwamba nimemaliza dawa na sina tena vijidudu. Jumapili ya kwanza nilikaa kanisani benchi la tatu. Waliokuwa wamekaa pale wakasogea, wakaendelea kusogea, mpaka nikabaki na benchi zima kama mgeni rasmi. Mama yako alivumilia mwaka mmoja, kisha akarudi kwao. Simlaumu. Kisimani walikuwa wanasuuza ndoo akishachota. Ulipokwenda kwa Mikaeli ukalelewa na watoto wake, ndipo wenzako walipoanza kucheza na wewe. Niliona hayo kwa macho yangu kutoka huku kwangu.

Siku washenga wa Frederick kutoka Machame walipopiga hodi kwa Mikaeli, mimi ndiye niliyemwambia aseme nimekufa. Wewe ulilia, ukasema hutaki. Nikakuamuru. Kwa hiyo uongo ule si wako, ni wangu, na mwenye nao hajasema utolewe. Unaye mume, unaye mtoto, unayo nyumba yenye geti. Ukisema leo, kesho mama mkwe wako atamtazama Angel ngozi, kila akijikuna watamtazama. Mimi nimeshatazamwa hivyo. Acha nibaki nilivyo.

Miguu ni mizuri. Kisigino cha kushoto kina mpasuko mdogo, kama uzi. Hauumi.

Soksi zimenifaa sana.

Baba yako,
Elieza


Mulala
Alhamisi, 4 Julai 1996

Mama Angel,

Mimi si mwandishi, lakini nikikuambia sokoni mbele za watu utalia, kwa hiyo naandika, usomee nyumbani.

Baba yako anakudanganya. Mpasuko ule si uzi. Ulikuwepo tangu kabla ya Pentekoste, na amekuwa akiutembelea kwenda mferejini na ndoo kwa sababu hausikii. Mimi nilimkataza, akasema hauumi. Hauumi! Kwake yeye hata shoka haliumi. Kisha ukapanuka ukawa unaweza kuingiza kidole. Akaona kubeba maji kunamwongezea, akaacha kuloweka. Akawa anapaka mafuta juu ya ngozi kavu, na makopo yako yote mawili yanakwisha hivyo.

Wiki iliyopita baridi ilikuwa mbaya, hata ng'ombe alikuwa anatetemeka. Akakaa na miguu kwenye mafiga. Soksi zile ni za nailoni. Ziliyeyuka kisiginoni naye akiwa anasoma Biblia yake. Nilipoingia kuomba moto ndipo nikasikia harufu, yeye alikuwa hajui. Alinishika mkono akaniambia nisikuambie habari ya soksi hata nikifa. Nimekuambia. Nisamehe, wala usijilaumu, aliyefuma nailoni si wewe.

Nimeosha, nimefunga kwa kitambaa safi. Lakini mguu unanuka, mama. Nilimuuguza mume wangu na harufu ile naijua. Nilimwambia twende hospitali. Akasema huko lazima mgonjwa awe na ndugu wa kumhudumia, wataandika jina lake, watauliza watoto wake ni nani, na watu wa Machame wanapita humo kila siku. Nikamwambia utakufa. Akanijibu, "Marehemu halazwi."

Mikaeli nimemwambia. Anasema mwenye kauli ni kaka yake.

Sasa fanya unavyoona.

Tabitha


Njiro
10 Julai 1996

Baba, shikamoo.

Mama Tabitha amenieleza yote, usimkasirikie. Nakuja Jumamosi asubuhi na gari ya kukodi, tutakwenda hospitali. Usibishane nami. Mpaka nifike usiukanyage mguu huo hata kwenda mlangoni.

Nyumbani hakuna tatizo. Nimemwambia Frederick kuna mzee wa ukoo anaumwa na hana mtu, akanipa ruhusa kwa moyo mweupe. Angel amekwenda Machame na bibi yake kumalizia likizo, anafurahi na ndama. Kwa hiyo nina nafasi, nitakaa na wewe kadiri itakavyohitajika.

Siri yako iko palepale. Nitakuandikisha kwa jina la ukoo peke yake.

Mwanao,
Ndeshi


Njiro
10 Julai 1996

Mama Tabitha, shikamoo.

Ile barua ya baba mpe, hii yako ichome moto.

Nimemwambia Frederick. Jumapili tulipotoka ibadani, mezani. Nilikuwa nimepanga kumwambia peke yake, lakini mama yake akaanza tena habari ya kaburi, nani aalikwe, apikiwe nani nini, na mimi nilikuwa na barua yako kifuani. Nikasema, "Baba yangu hajafa. Yuko Mulala. Aliugua ukoma, akapona, na sasa mguu unaoza."

Mama yake aliweka kijiko chini. Akamwita Angel, akampeleka bafuni, akamwogesha kwa maji ya dawa ile tunayosugulia choo, mtoto akilia kwamba inamwasha machoni. Nilipojaribu kuingia alikuwa amefunga mlango. Mchana huohuo akamchukua, wakapanda basi la Moshi. Frederick aliwabebea begi mpaka getini. Hakunitazama.

Tangu hapo analala sebuleni. Asubuhi anaondoka bila chai. Sijui mwanangu amekula nini, sijui anaambiwa nini juu yangu. Nikifumba macho nausikia ule mlango.

Baba asijue hata neno moja. Akijua atakataa kupanda gari, namfahamu, atajiona yeye ndiye ameniharibia, atajiachia afe ili mambo yarudi yalivyokuwa. Nisaidie kudanganya kwa mara moja hii. Mchemshie maji, yakipoa umwoshe, mpake mafuta yale ngozi ikiwa bado na maji, mguu mzima ule wa kulia hasa, maana sitaki nao uanze.

Ndeshi


Njiro
19 Julai 1996

Mama Angel,

Nimeambiwa na dereva uliyemtuma kwamba mzee amelazwa na kwamba madaktari wanazungumza habari ya kukata mguu. Pole. Pole hiyo natoa kwa dhati, nataka uijue kabla hujasoma yanayofuata.

Nimemuuliza daktari ninayefahamiana naye. Ameniambia mtu aliyemaliza dawa haambukizi mtu yeyote. Nimemwamini. Kwa hiyo usidhani ninaogopa ugonjwa. Mama anaogopa, na nimemweleza, hakuelewa. Mimi shida yangu ni nyingine.

Miaka minane nimeishi na marehemu huyu. Kila Krismasi kabla ya kula nilimtaja katika sala, nikamshukuru Mungu kwa mtu aliyekuzaa. Wewe ulikuwa unaitikia amina. Nilichuma maua nikayaweka juu ya mtu nisiyemjua. Nilimlipa fundi wa kaburi, ukiwa umesimama hapo hapo, ukanimiminia chai mpaka kikombe kikajaa, wala mkono wako haukutikisika. Sasa nikikaa sebuleni najiuliza ni mara ngapi nyingine umenimiminia chai namna hiyo.

Na jambo la pili linaniuma zaidi. Ulinidhania mimi ni mtu wa kusogea kwenye benchi. Ndiyo, Mikaeli nilimfuata, akanisimulia habari ya benchi. Labda ningesogea. Sijui. Hukunipa nafasi ya kujijua.

Mama amesema Angel hatarudi Njiro wewe ukiwa bado humo. Sijamjibu. Mtoto hajambo, anauliza utakuja lini.

Usinijibu upesi. Muuguze mzee kwanza.

Frederick


Hospitali
23 Julai 1996

Kwa mkwe wangu Frederick,

Mwandiko huu uusamehe. Kalamu nimefungiwa mkononi kwa kitambaa na muuguzi, maana kidole gumba kinashika lakini mwenzake hayupo. Ndeshi amekwenda kufua. Nimewahi kuandika kabla hajarudi.

Barua yako kwake sikuisoma. Lakini tangu aje hapa hajamtaja mtoto wake. Mama mwenye mtoto wa miaka sita anayekaa siku zote hizi bila kumtaja, ana jambo. Nilimbana mpaka akaniambia yote, hata lile la bafuni.

Aliyesema nimekufa ni mimi. Ndeshi alikuwa na miaka ishirini na mmoja, alipiga magoti akaniomba nisifanye hivyo. Nikamwambia kama ananiheshimu atatii. Ametii. Kama unatafuta mwongo katika nyumba yako unamtafuta mtu asiyekuwa humo. Yuko huku, wodi ya wanaume, kitanda cha pembeni.

Wewe nilikuona. Siku ya harusi nilikuwa kwenye kahawa ya Mikaeli, mlipopita na tarumbeta. Ulikuwa umemshikia mwavuli yeye, wewe unalowa. Nikasema, haya, nimekufa vizuri.

Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anayeambiwa uongo naye anapata hasara. Niliwaza kuhusu watu watakaosogea mbali nami tu. Sikukuwaza wewe, ukisali. Kwa hilo nakuomba radhi, na sina kingine cha kutoa.

Nina maombi. Mama yako nielezee hivi: kilichobaki kwangu si ugonjwa, ni ngozi isiyosikia. Haitoi jasho, inakauka, baridi ikija inapasuka, na mwenyewe sina habari. Ndiyo maana mguu umeharibika, kwa kukauka. Hakuna kitu kwangu kinachoweza kumrukia mtoto. Angel sijawahi kumgusa, wala mama yake sijamgusa tangu aolewe, mpaka juma lile aliponiinua kunitia kwenye gari.

Daktari atakata Ijumaa. Nikitoka hapa nitarudi kule kambini, bado kuna wazee wachache wanaokaa huko, na hamtasikia tena habari zangu. Kaburi lile limalize. Simenti ikikaa sana inaganda. Waambie watu Ndeshi alichanganyikiwa, au alimaanisha mzee mwingine, mimi sitakuja kukukanusha. Lakini mrudishie mtoto wake. Nakuomba hilo tu, Frederick. Nilimtoa Ndeshi akalelewe na wengine ili aepukane na jina langu, najua kunavyokuwa ndani ya nyumba mtoto akishaondoka. Usimwache apate hilo kwa ajili yangu mara ya pili.

Elieza Mbise


Hospitali
2 Agosti 1996

Mama Tabitha, shikamoo.

Ahsante kwa ndizi na kwa kuangalia nyumba. Yule mbuzi wa baba mwache kwa Mikaeli, tusikubebeshe kila kitu.

Walikata Ijumaa, chini ya goti. Mfupa wa kisigino ulikuwa umeshaharibika, usingepona. Alipozinduka aliniuliza kama ni kweli mguu umeondoka, maana yeye hana tofauti anayoisikia. Nikafunua shuka akaangalia. Siku mbili hakula. Alikuwa anataka kurudi kambini, anawaulizia wazee wa huko kwa majina, nusu yao wamekufa. Nilimwambia akienda nami nitakwenda. Nilikuwa nasema kweli, kwa sababu nyumba nilikuwa sina.

Jumatano Frederick alikuja.

Sikumwona akiingia. Nilikuwa nimepiga magoti na beseni, namloweka mguu wa kulia, nikaona viatu vyake. Alikuwa amevaa tai, kama anakwenda kwa mkurugenzi. Baba alimtambua mara moja. Akaingiza mikono yote miwili chini ya blanketi, akageukia ukutani.

Wodi nzima ilikuwa inatutazama. Frederick akasema, "Shikamoo, baba."

Nilidhani baba hataitikia kabisa. Mwishowe akasema marahaba kwa sauti ndogo sana, bado akiutazama ukuta.

Frederick akavuta kiti, akakaa, tena karibu, magoti yake yaligusa kitanda. Hakutoa mkono, wala baba hakutoa wake. Akamwambia, "Nimekulilia bure, mzee. Miaka minane."

Baba akageuka. Akamtazama. Akasema, "Basi nikifa kweli usilie. Umeshamaliza."

Mama Tabitha, walicheka. Baba alianza, Frederick akafuata, kisha Frederick akaacha kucheka akafunika uso kwa mikono. Mimi nimebaki na beseni, sijui nisimame au nikae.

Baadaye tulitoka nje. Aliniambia hajanisamehe na hataki nimharakishe. Nikasema sawa. Akasema barua ya baba aliisoma mbele ya mama yake kule Machame, yote, na mama yake aliondoka chumbani kabla haijaisha. Akasema sasa anarudi huko kumchukua Angel na hajui itakuwaje. Nikamuuliza, "Na ukirudi naye, mtafikia wapi?" Naye akaniuliza baba anapaka mafuta gani.

Leo ni siku ya tatu hajarudi. Kila gari likiingia getini natoka. Mafuta yamebaki chini ya kopo, baridi haijapungua, na kisigino cha kulia kimeanza kuwa kigumu pembeni. Naloweka mara mbili kwa siku. Nikiacha kidogo tu kinaanza kuchora mstari. Nina mguu mmoja wa kuulinda na sina ninachoweza kulinda zaidi ya huo, kwa hiyo naulinda.

Tuombee.

Ndeshi


Njiro, Arusha
15 Septemba 1996

Jirani yangu Tabitha,

Nakusalimu kutoka mjini, mahali ambapo sikutegemea kuandikia barua.

Ndeshi alikueleza habari mpaka siku ile ya kungoja. Frederick alirudi jioni yake na mtoto. Mama yake alimpa Angel, lakini alimwambia mwanawe kwamba yeye Njiro hatakanyaga tena maadamu mimi nipo, na kwamba presha yake ikimuua wajue ni nani. Ametimiza. Mpaka leo hajaja, na barua hajibu. Mimi nalala chumba alichokuwa analala yeye. Kitambaa chake cha meza bado kipo, sijakigusa. Nilimwambia Frederick nirudishe Mulala, mama wa mtu ni mama wa mtu. Akasema baridi iishe kwanza. Baridi imekwisha, nimemwambia tena, amesema mvua ziishe.

Yeye na Ndeshi sijui niseme nini. Wanazungumza mambo ya nyumba. Sebuleni ameacha kulala. Lakini siku nyingine wakiwa mezani kunakuwa kimya, nami naona kimya kile ni changu. Ndeshi amekonda. Akimimina chai anaweka birika chini haraka.

Mtoto kwa siku nyingi alikuwa anasimama mlangoni. Bibi yake alimwambia vidole vyangu viliangukia kwenye chakula. Nikamwuliza kama yeye angekula chakula hicho, akasema hapana, nikamwambia hata mimi. Sasa anafika mpaka kwenye kiti.

Mguu wa kulia unaendelea vizuri. Ndeshi ananikagua kila jioni kama askari. Mafuta ananunua yale niliyomwambia. Huku nyumba ni ya joto, ngozi imelegea hata kwenye magoti, ningekuwa na mguu wa pili ungekuwa mzuri sana. Hayo nayafikiri, Tabitha, asubuhi hasa. Nafikiri, laiti ningekubali kupanda gari wiki moja mapema.

Nataka nikuambie jambo la leo, ndiyo sababu nimeomba kalamu.

Baada ya ibada alikuja mgeni, mzee wa kanisa, mtu anayewafahamu watu wa Machame. Mimi niliposikia geti nikaanza kujivuta niende chumbani. Frederick akaniwekea mkono begani, nikakaa. Mgeni akakaribishwa, akaketi, akaona mguu, akaona mikono. Akauliza kwa adabu mzee huyu ni nani.

"Ni baba mkwe wangu," Frederick akasema. "Baba yake Ndeshi."

Mgeni akasema, "Mimi nilijua alifariki zamani."

"Hata mimi," akasema Frederick, akamsogezea sukari.

Yule mgeni hakunywa chai. Alikumbuka ana safari. Ndeshi akainuka kumsindikiza, mumewe akamwambia akae, mgeni anaijua njia. Tukabaki sisi, na chai ya mgeni ikipoa mezani, mpaka Frederick akaivuta akainywa yeye.

Wasalimie kina Mikaeli.

Elieza